Saa Tisa za Usiku, Kitanda Kitupu

*Alidhani mumewe amepata mtu mwingine. Alipomfuata gizani, nyuzi 18 chini ya sifuri, alimkuta bustanini na pikipiki, rola na theluji. Mhariri wetu alifunga safari hadi Ottawa, Kanada, kuwasikiliza wote wawili.*

Kuna maswali ambayo mwanamke hapendi kujiuliza akiwa kwao, sembuse ugenini. Mojawapo ni hili: mume wangu anakwenda wapi saa tisa za usiku?

Shosti wangu alianza kujiuliza hivyo Januari 2020, msimu wao wa pili wa baridi jijini Ottawa. Tulisoma naye chuo, tukalala chumba kimoja miaka miwili, namjua mpaka anavyokoroma. Yeye ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe, shemeji yangu, ni mtu wa kompyuta, kijana wa Tanga, mpole, asiyekunywa. Wameniomba nisiwataje majina na nimekubali, maana ningekuwa mimi ningeomba hivyohivyo.

Dalili zilikuwa zilezile ambazo kila msomaji wa gazeti hili anazijua. Simu imezimwa sauti. Anatoka kitandani kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Anarudi saa kumi na mbili, anaingia bafuni moja kwa moja. Nguo alizotoka nazo zinafichwa chumba cha chini, nyuma ya mashine ya kufulia. Na harufu! “Ingekuwa manukato ningeelewa,” shosti ananiambia huku akicheka, ingawa siku ile hakucheka. “Ilikuwa petroli. Nikajiuliza, huyo mwanamke wake anauza sheli?”

Usiku wa nne alijifanya amelala. Mlango ulipofungwa akahesabu mpaka mia, akavaa koti juu ya gauni la kulalia, khanga kiunoni, buti, akatoka. Sisi wa Dar tumezoea kuchukua bajaji na kumwambia dereva fuata ile gari. Ottawa hakuna bajaji, ila kuna kitu bora zaidi: theluji haina siri. Ilikuwa imeanguka jioni ile, na nyayo za mume zilikuwa zimechapwa barabarani moja baada ya nyingine, mpaka kona, mpaka ng'ambo, mpaka ndani ya bustani ya mtaa.

Huko akaona taa moja, inakwenda polepole katikati ya miti. Akasikia injini. Akasimama nyuma ya mti, meno yanagongana, akisubiri amwone huyo mwenzie. Taa ikakaribia. Ikawa pikipiki ya theluji, ile yenye skii mbele na mkanda nyuma, inaburuta pipa la chuma refu lililolala ubavu. Juu yake amekaa mumewe, peke yake, kofia imeganda barafu kwenye kope.

“Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga,” anasema. “Vyote kwa pamoja.”

Kazi ya bure

Alichokuwa anafanya ni hiki. Bustani ile ina njia ya kilomita chache inayozunguka miti na kushuka kuelekea mtoni. Wakati wa baridi watu huitumia kwa skii za masafa, zile nyembamba ambazo mtu anajisukuma mwenyewe kwa miguu na fimbo mbili kwenye tambarare na vilima, si zile za kuporomoka mlimani unazoziona kwenye sinema. Skii hizo zinahitaji njia iliyoshindiliwa na kuchongwa. Theluji ikianguka, njia inafutika. Mtu lazima aitengeneze upya kabla watu hawajaamka, na katika bustani ile mtu huyo halipwi. Petroli inatoka kwenye michango ya majirani. Usingizi unatoka kwake mwenyewe.

Sasa kwa nini amfiche mkewe? Hapo ndipo penye habari, maana theluji ni kisingizio tu.

Walipohamia Kanada waliandika daftari. Kodi ya nyumba, ada ya mdogo wake, dawa za mama yake shosti, kiwanja Kigamboni. Wakaapa hakuna saa itakayopotea. Shosti alikuwa anachukua zamu za ziada hadi miguu inavimba. Katika nyumba yenye daftari kama lile, mume utaanzaje kusema, “Mke wangu, nimepata kazi, ni ya usiku, ni ya baridi kali, na haina mshahara”?

Shemeji mwenyewe alinieleza tukiwa jikoni, akimenya viazi. “Shem, kwetu mimi nilikuwa mtu. Msiba ukitokea naitwa. Msaragambo wa barabara nipo, na jembe langu. Hapa nilikaa mwaka mzima jirani hajui jina langu. Naingia kazini giza, natoka giza. Nikaanza kulala wikendi nzima.” Siku moja mzee mmoja wa mtaani alimkuta anakoleza theluji mlangoni kwa bidii ya mtu mwenye hasira, akamwuliza kama anajua kuendesha pikipiki. Kijana wa Tanga asiyejua pikipiki ni nani? Basi yakaanza.

Mimi kwa upande wangu nilimwambia wazi: kazi haikuwa kosa, siri ndiyo ilikuwa kosa. Ukimnyima mwenzio ukweli anatafuta uongo wa kujazia, na uongo huwa na sura ya mwanamke mwingine. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na viazi.

Kama unga wa chapati

Nilikwenda kwao Februari 2025, na shemeji akakubali nimfuate usiku mmoja. Sikujua kwamba theluji ina elimu yake.

Theluji mpya ni hewa tupu. Ukiikanyaga unazama. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni rola, lile pipa, linalopita na kuishindilia. Ikianguka nyingi unashindilia kwa awamu, usingoje irundikane. Mzunguko wa pili anabadilisha, anaburuta chombo chenye meno kama kitana kikubwa, kinachochana uso wa njia na kuacha mistari midogo sambamba. Unakumbuka suruali za kitambaa cha mistari mistari walizovaa baba zetu miaka ya sabini? Ndivyo njia inavyoonekana taa ikiimulika. Upande huo mpana ni wa wale wanaoteleza kwa mtindo wa kupanua miguu kama watu wa viatu vya magurudumu.

Mwisho kabisa anashusha kisahani kinachochonga vifereji viwili sambamba pembeni, kama reli za treni ya kitoto. Hivyo ni vya mtindo wa asili, ambao skii zinakwenda mbele zimenyooka. Kanuni za mashindano za shirikisho la kimataifa la skii zinataka kati ya katikati ya kifereji kimoja na kingine pawe na sentimita 17 hadi 30, na kina cha sentimita 2 hadi 5. Shemeji hashindanishi mtu lakini anapima. Nilimwona anashuka na rula ya shule mfukoni.

Nikamwuliza, haya yote hayawezi kufanyika saa mbili asubuhi kama watu wenye akili timamu? Akanijibu kwa lugha ya jikoni, labda kwa kuwa alijua naandikia gazeti la wanandoa: “Shem, ukishakanda unga wa chapati si unauacha upumzike?” Theluji ni hivyohivyo. Ukiivuruga, punje zake zinavunjika na kuchanganyika, za juu na za chini. Ukiiacha kwenye baridi, punje zinashikana upya moja na nyingine kwa vishingo vidogo vya barafu, na njia inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa kabla. Kushikana huko kunataka saa kadhaa bila mguu wa mtu. Usiku ndiyo kuna baridi, na ndiyo hakuna mtu.

Anakwenda polepole, mwendo wa baiskeli ya mzee. Ukikimbia chombo kinarukaruka na kuacha matuta, na matuta yakiganda yanakaa wiki. Ikinyesha mvua au joto likipanda juu ya sifuri, haruhusiwi kugusa kitu, anakaa nyumbani anauma kucha. Likiganda tena anatoka na meno makali zaidi, anaisaga barafu mpaka inakuwa kama sukari. Kazi hiyo ndiyo anaichukia. “Inatingisha mpaka figo,” anasema.

Pikipiki yenyewe ni ya hukohuko. Fundi wa Quebec, Joseph-Armand Bombardier, ndiye aliyeleta Ski-Doo sokoni mwaka 1959, na tangu hapo kijiji cha baridi kisicho na chombo hicho ni kama kijiji cha pwani kisicho na ngalawa.

Si mtaa wao peke yake

Ottawa imebahatika. Ng'ambo ya mto, upande wa Quebec, iko Gatineau Park, hifadhi ya kilomita za mraba 361 yenye kilomita 200 hivi za njia za skii. Huko kuna wafanyakazi, mitambo mikubwa, na unalipia kuteleza. Lakini mjini kwenyewe watu wameanza kujitengenezea njia zao. Inayojulikana zaidi inapita kando ya mto Ottawa na inaitwa Kichi Sibi, maneno ya Waalgonkini, wenyeji wa asili wa bonde lile, yaani mto mkubwa. Ni kilomita 16 hivi za bure, kwa skii, kwa miguu na kwa baiskeli za matairi manene, na inasimama juu ya michango na watu wa kujitolea. Mingine ni midogo, ya mtaa mmoja, kama huu wa shemeji.

Nilipowaambia rafiki zangu wa Dar, mmoja alicheka: Wazungu wana muda wa kuchezea. Lakini subiri. Wanorwe wana neno lao, dugnad, kwa siku ambayo mtaa mzima unatoka kufanya kazi ya wote bila malipo. Sisi tunaita msaragambo. Wakenya wana harambee. Tofauti ni kwamba sisi tunachimba mtaro na wao wanachonga theluji, na kwamba theluji ikianguka kesho mtaro wao umefukiwa.

Wengi wanaokwenda usiku ule kwenye mitaa ile hawapati hata asante. Wanachopata ni nyayo. Ukitaka kumwona shemeji yangu mpole anakunja uso, mtajie mtu aliyetembea na buti ndani ya vifereji. Kila buti linaacha shimo, shimo linaganda, na mtu wa skii akilikanyaga kwa kasi anakwenda chini. Mbwa je? “Mbwa hajui kusoma kibao,” anasema. “Mwenye mbwa anajua.”

Januari ile ya corona

Baada ya usiku wa khanga na koti, nyumba ilikuwa kimya siku tisa. Shosti alizihesabu. Kisha wakakaa mezani na daftari lao, wakaongeza mstari mpya. Mume ataruhusiwa usiku mbili kwa wiki, si zaidi, hata theluji ianguke ya mafuriko. Usiku mwingine wapo wengine wa zamu. Na asubuhi ya Jumamosi ni ya mke, chai kitandani, hakuna mjadala.

Mkataba ulishikwa, lakini hakuupenda. Aliuona kama mke anavyoona mpira wa mumewe: kitu cha kuvumiliwa. Kilichobadilisha mambo hakikuwa mazungumzo wala ushauri wa mtu.

Januari 2021 corona ilikuwa inazunguka kwa mara ya pili kwenye nyumba za wazee za Ontario. Sitaitaja ya shosti wangu. Kwa wiki kadhaa alikuwa anafunga macho ya watu aliowalisha uji jana yake. Watoto wa wale wazee walikuwa wanaaga kupitia kioo cha simu ambayo yeye ndiye ameishika. Alikuwa anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na hawezi kurudi nyumbani. Anakaa ndani ya gari, injini inawaka, halii, hafanyi chochote.

Asubuhi moja akaegesha karibu na bustani. Kulikuwa kumeanguka theluji na jua lilikuwa ndiyo linatoka. Ile njia ilikuwa imelala mbele yake, haijakanyagwa, mistari imenyooka mpaka kwenye miti. Alijua ni usiku wa nani. Akashuka, akaanza kutembea kwenye ukingo unaoruhusiwa watu wa miguu. “Nilitembea nikilia kwa sauti kama nipo msibani Tanga,” ananiambia. “Hakuna aliyeniona. Ningetembea wapi pengine? Barabarani kuna barafu, madukani kumefungwa, nyumbani nisingeweza kumwambia. Na kumbe alikuwa ameshapita kabla yangu.”

Alizunguka yote. Alipofika nyumbani alimkuta mumewe amelala na soksi. Hakumwamsha. Alifanya hivyo karibu kila asubuhi mpaka Machi, na mume hakujua mpaka siku alipoona kwenye njia nyayo ndogo za buti la kushoto lililolemaa kisigino. Buti lile alilinunua yeye.

Nilimwuliza shosti kama ndipo alipomsamehe. Akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto. “Nilikuwa nimeshamsamehe. Nilikuwa sijamwelewa.”

Mwaka barafu ilipogoma

Msifikiri hapo wakaishi raha mustarehe. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, mfereji wa Rideau unaokatiza Ottawa haukuganda vya kutosha, na uwanja wake wa kuteleza wenye urefu wa kilomita 7.8 haukufunguliwa hata siku moja, mara ya kwanza tangu ulipoanzishwa msimu wa 1970. Bustanini nako theluji ilikuja na kuyeyuka, ikaja ikayeyuka. Shemeji alirudi kwenye kulala wikendi. Shosti, ambaye miaka mitatu nyuma angefurahi kumpata kitandani saa tisa za usiku, alikuwa anaangalia utabiri wa hali ya hewa kwa niaba yake na kumfichia habari mbaya. Walikuwa na mtoto mchanga wakati huo, hela ilikuwa ngumu, na waligombana sana. Kuna jambo moja walilogombania ambalo hawakunieleza, na sikuwachimba.

Daftari bado lipo. Kiwanja cha Kigamboni kimepata msingi. Shosti bado anasema zile saa, zikijumlishwa na kulipwa, zingekuwa zimeshaezeka nyumba. Amepiga hesabu. Nimeiona, na hesabu yake ni sahihi.

Mhariri anaanguka

Walisisitiza lazima nijaribu. Wakanitia moyo kwa habari ya Philip Boit, Mkenya wa Eldoret, ndugu wa yule Mike Boit aliyepata shaba ya mita 800 Munich 1972. Philip hakuwa ameijua theluji mpaka alipopelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza, na miaka miwili baadaye akasimama kwenye Olimpiki ya Nagano, skii za kilomita 10. Akamaliza wa 92, wa mwisho, kiasi cha dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimsubiri kwenye mstari, wakakumbatiana, na sherehe ya medali ikangoja. Boit akaja kumwita mwanawe Dæhlie. Shemeji anaisimulia habari hii kwa kila mgeni mweusi anayefika bustanini na viatu vya kuazima.

Basi nikafunga skii. Niliweka miguu ndani ya vifereji, nikasukuma, na kwa mita kama thelathini nilikuwa Boit. Vifereji vinakushika kama mtu aliyekushika mkono kumvusha mtoto barabara, huwezi kupotea hata ukitaka. Pua inauma. Chini kunasikika sauti ndogo ya mkwaruzo na hakuna kingine, mji mzima umenyamaza. Nikaelewa kwa nini mtu anaweza kuamka saa tisa kwa ajili ya kitu kile.

Kisha kikaja kiteremko. Sitaeleza. Nilipoinuka, mahali pa vifereji palikuwa na shimo lenye umbo la mhariri, pamoja na makalio yote mawili. Shosti alikuwa ameshika tumbo, hawezi hata kuninyanyua. Mumewe alifika, akanitazama kama nimeumia, akaona sijaumia, kisha akalitazama lile shimo kwa muda mrefu zaidi.

“Pole, shem,” akasema. Akachuchumaa, akalijaza theluji kwa mikono na kulipigapiga kama mtu anayefukia mbegu.

Nilirudi Dar kwenye joto letu. Wiki mbili baadaye, saa tano asubuhi, niko foleni Mwenge ndani ya daladala, simu ikalia. Ujumbe wa shosti, na huko kwao ilikuwa saa tisa za usiku:

“Imeanguka sentimita 14. Katoka sasa hivi. Kasahau chupa ya chai, navaa buti nimpelekee.”